Kiangazi cha Kujitoa

Juni 11

Leo nimesoma redioni waraka wa Jumuiya ya Maji Lihonja. Nimeandika "nimesoma", lakini sivyo ilivyokuwa. Waraka wenyewe ni karatasi moja kavu, yenye sahihi ya katibu wao, Mwalimu Salome. Unawashauri wananchi wa vijiji vyote vinavyochota kwenye bomba la Lihonja watumie vyombo vyenye mifuniko, kwa sababu ya hofu ya kipindupindu. Basi. Nilikuwa na kipindi kizima cha asubuhi mbele yangu na sina habari nyingine. Nikatangaza kwamba Jumuiya imepiga marufuku mitungi. Bashiru, mtangazaji mwenzangu, akanitazama kidogo, kisha akadaka mpira: hata mitungi ya bibi zetu? Nikasema hata hiyo, na wakaguzi watapita nyumba hadi nyumba wakiivunja kwa nyundo. Simu hazikukatika hadi kipindi kikaisha.

Juni 12

Meneja amenipongeza. Anasema Kilwa Masoko nzima inazungumzia mitungi.

Juni 15

Nimerudi nyumbani Chikwale kwa mapumziko. Brigita, mke wangu, ni muuguzi wa zahanati hapa kijijini. Hakunipokea kwa maneno mengi. Aliniwekea ugali na kisamvu, akasubiri nimalize, ndipo akasema: "Baba Flora, ule waraka tumeubandika mlangoni zahanati. Nimeusoma. Hausemi hivyo."

Nikamwambia ni utani wa redio, kila mtu anajua ni utani.

Jioni nikaenda kumwamkia jirani yetu, Mzee Abdulrazak. Huyu ni mkulima wa korosho na ndiye anayeadhini msikitini. Baba yangu alipofariki, ndiye aliyenibeba kwa baiskeli na sanduku langu la bati hadi shule ya sekondari, na mvua ikitupiga njia nzima. Nilimkuta ametoka shambani kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, nyusi bado za njano. Aliitika marahaba, kisha akaniita ndani kwa sauti ya chini. Mtungi wa marehemu mama yake ameuficha chini ya kitanda na kuufunika kwa gunia. "Wakaguzi wakija hawataupata," alisema.

Hakujua ni utani. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ananisifu, na ni vigumu kumkatiza mtu anayekusifu.

Juni 27

Jumuiya imeomba misikiti na makanisa yafunge koki baada ya kutumia maji. Mimi na Bashiru tumetangaza kwamba wanataka kupima maji ya udhu. Kwamba kila muumini atapewa kipimo chake. Mimi ni Mkatoliki, sikupaswa hata kuligusa jambo hilo. Lakini kwa utani ule, limekaa vizuri sana mdomoni.

Julai 6

Niseme na upande wa haki, kwa sababu upo. Chikwale ni kijiji cha mwisho kwenye bomba. Chemchemi iko juu milimani Lihonja, na vijiji vya huko juu vinakunywa kwanza. Sisi huku chini karibu na barabara ya Miteja tunapata maji siku kadhaa kwa wiki, na yakikatika hakuna anayetueleza. Kwenye bodi ya Jumuiya tuna mjumbe mmoja tu, naye hupigiwa kura na kushindwa kila mara. Hayo ni kweli tupu. Nilikwishayasema redioni mwaka jana, polepole na kwa ushahidi, na hakuna aliyepiga simu.

Julai 13

Mwenyekiti wetu wa kijiji amehamia Dar es Salaam kwa binti yake, kiti kiko wazi. Mzee Abdulrazak amekuja na wazee wengine wanne. Wanataka nigombee. Amesema kijiji kinahitaji mtu ambaye hawezi kudanganywa na maofisi.

Nimekubali. Neno langu la kampeni, kuhusu Jumuiya, ni moja: Tujitoe.

Julai 14

Brigita ameuliza tukijitoa tutakunywa nini. Nimesema tutachimba kisima chetu kirefu. Ameuliza nani amepima kwamba chini kuna maji. Nimesema wataalamu.

Julai 29

Kampeni. Miguu inauma.

Agosti 3

Mzee Abdulrazak anapita nyumba kwa nyumba kwa ajili yangu, baada ya alasiri kila siku, bila kuombwa. Watu wanaonishuku mimi wanamwamini yeye. Kila mlango anaeleza habari ya mitungi na habari ya udhu, neno kwa neno, bila kucheka, kama mtu anayetoa ushahidi. Leo nilitembea naye. Kwenye nyumba moja mama mwenye nyumba aliniuliza mimi mwenyewe kama ni kweli. Nikasema, "Mzee ameshakueleza."

Agosti 10

Mwalimu Salome amekuja kwenye mkutano wetu wa hadhara kujieleza. Ni mama mnene, mwalimu mstaafu, alishuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi mwili mzima. Akaanza kuusoma waraka wake kutoka juu hadi chini. Mimi nilisimama nyuma yake nikaigiza namna anavyoshusha miwani. Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Hakugeuka. Aliendelea kusoma hadi mwisho, ingawa hakuna aliyesikia.

Baadaye alinikuta pembeni, nikiwa peke yangu.

"Wewe si mjinga," alisema. "Uliusoma waraka wangu ukauelewa. Sasa niambie, kwa nini?"

"Ni siasa, mama."

"Mtaro wa bomba la Chikwale nilichimba na mimi, kwa jembe. Mlikuwa mnakunywa maji ya mtoni. Mlikuwa mnazika watoto kila kiangazi."

Nilimwambia muda wake umekwisha. Aliomba maji ya kunywa kabla ya safari, akapewa, akashukuru, akaondoka.

Agosti 24

Nimeshinda kwa wingi mkubwa. Nimeacha kazi redioni. Bashiru amebaki na kipindi.

Septemba 7

Mkutano mkuu wa kijiji umepitisha kujitoa. Mikono ilikuwa mingi kiasi kwamba hawakuhesabu. Brigita alikuwa amekaa upande wa akina mama. Hakunyoosha mkono kukubali wala kukataa. Nilipomuuliza nyumbani, alisema yeye ni mke wa mwenyekiti, na mke wa mwenyekiti hawezi kumpinga mumewe hadharani, wala hawezi kupigia kura kitu anachojua si kweli. Kisha akaenda kumwogesha Flora.

Septemba 30

Fundi wa Jumuiya amefunga koki kubwa kule juu, kama tulivyokubaliana. Watoto walikwenda kwenye bomba la shuleni kuona. Lilitoa hewa, likakohoa, likanyamaza. Watu walipiga vigelegele.

Oktoba 9

Mashine ya kuchimba imefika. Korosho za kwanza zinaanguka. Kijiji kina furaha.

Oktoba 13

Maji yametoka. Nilikuwa wa kwanza kuyaonja, mbele ya watu wote. Ni ya chumvi. Siyo chumvi ya kusema utazoea. Nilimeza, nikatabasamu, nikasema yatajisafisha yakishachotwa siku chache. Nimesema hivyo bila hata kufikiri.

Oktoba 20

Hayakujisafisha.

Oktoba 21

Fundi wa mashine amesema eneo lote la chini liko hivyo, na kwamba angeulizwa kabla angesema. Nimemwomba asiwaambie watu. Ameniangalia kama nilivyokuwa nikiwaangalia wanasiasa nilipokuwa mwandishi wa habari.

Oktoba 28

Akina mama wanakwenda mtoni. Mto umekauka, kwa hiyo wanachimba mchangani kwenye kitanda cha mto, wanasubiri maji yajikusanye, wanakinga kwa kata. Kila wiki wanachimba chini zaidi. Mashimo ya sasa mtu anaingia akazama hadi mabega, na kingo zake ni mchanga mtupu. Nimeagiza wawekewe miti ya kushikilia kingo. Waliosikia agizo langu ni wawili, na wote wawili walikuwa njiani kwenda kuokota korosho.

Novemba 2

Zahanati imepokea watoto wengi wanaoharisha. Brigita harudi nyumbani kula. Nimempelekea chakula, akakipokea mlangoni.

Novemba 4

Nilimwandikia Mwalimu Salome ujumbe wa simu kuomba zahanati ifunguliwe maji. Alijibu mara moja: leteni barua ya kijiji, bodi itakaa. Sikuandika barua hiyo. Barua ya kijiji lazima isomwe mbele ya halmashauri ya kijiji, na wangejua nimeanza kuomba. Nimejiambia mvua za vuli zi karibu.

Novemba 8

Joto. Mawingu yalikuja, yakapita kuelekea baharini.

Novemba 12

Somoe amekufa.

Ni binti wa mwisho wa Mzee Abdulrazak. Alirudi nyumbani kwa baba yake mwaka juzi baada ya kuachika, na mtoto mgongoni. Alikuwa mcheshi, ana sauti kubwa, akiwa barabarani ulimsikia kabla hujamwona. Asubuhi hii alikwenda mtoni na wenzake. Ilikuwa zamu yake kuingia shimoni kukinga. Wenzake wanasema alikuwa anawasimulia kisa cha mama mmoja sokoni, akawapa ndoo ya kwanza, akainama kujaza ya pili, na ukingo ukashuka. Haukupiga kelele. Waliona mchanga umesawazika pale alipokuwa.

Nilifika nikikimbia. Wanaume walikuwa wameacha korosho mashambani na wanafukua kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Ukifukua, mchanga unarudi. Mzee Abdulrazak alikuwa amepiga magoti katikati, anafukua kwa viganja, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Nilipiga magoti kando yake na mimi nikafukua. Tulianza kuona kitambaa cha kanga. Alikifuta mchanga kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu.

Brigita alijaribu. Alimlaza chini, akamsafisha mdomo, akampulizia pumzi, akamsukuma kifua, akaendelea muda mrefu baada ya wote kujua. Alipoacha hakunitazama mimi. Alimtazama Mzee, akatikisa kichwa, akamfunika Somoe uso.

Amezikwa baada ya alasiri. Maji ya kumwoshea yaliletwa na bodaboda kutoka kijiji cha juu, maji ya Lihonja. Sijui nani aliyeyaomba, wala nani aliyeyatoa.

Makaburini watu walikuwa wananung'unika. Nilisikia mtu akisema wazi kwamba tungebaki kwenye Jumuiya Somoe angekuwa hai. Nilisubiri neno hilo linifikie. Halikunifikia, kwa sababu Mzee Abdulrazak aligeuka na kulizuia. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Msimlaumu mwenyekiti," alisema. "Wale walitaka kuvunja mitungi yetu. Walitaka kutupimia maji ya udhu. Mtu hawezi kuishi hivyo. Mwanangu amekufa, lakini hakufa akiwa amedharauliwa."

Wengine waliitikia Alhamdulillahi. Alinishika mkono akausogeza kifuani kwake, na mimi nikamwachia.

Novemba 13

Sikwenda popote.

Novemba 15

Kwenye matanga watu wananipa nafasi ya kukaa karibu na mfiwa. Mtoto wa Somoe amelala mapajani mwangu mchana kutwa. Kila mgeni mpya akija, Mzee anamsimulia habari ya mitungi. Nimeisikia sasa mara nyingi kuliko nilivyowahi kuisema.

Novemba 17

Nimemwambia Brigita kwamba nitamweleza Mzee. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anakunja nguo, aliendelea kukunja. "Umweleze ili apate nini yeye?" aliuliza. "Au ili wewe upumue?" Alikunja kanga nyingine. Akasema: "Kamweleze. Lakini usitegemee akufute machozi."

Novemba 18

Nimekwenda asubuhi, baada ya watu wa matanga kutawanyika. Alikuwa nyuma ya nyumba anaanika korosho. Nilimwamkia, nikakaa kwenye gogo, nikasema yote. Kwamba waraka haukutaja mitungi. Kwamba hakukuwa na mkaguzi wala nyundo. Kwamba habari ya udhu niliitunga mimi na Bashiru, studio, tukiwa tunakunywa chai.

Aliendelea kutandaza korosho kwa muda. Kisha akasimama wima.

"Usiseme hivyo," alisema.

"Mzee, ndiyo kweli."

"Nimekwambia usiseme hivyo. Mimi nimekwenda kwenye kila nyumba hapa. Mimi kwa miguu yangu. Nimewaambia watu wajitoe, na wamejitoa, na mwanangu ameingia shimoni. Ukisema hakukuwa na kitu, basi nimemzika kwa ajili ya nini?"

Nikainuka kwenye gogo.

"Nenda nyumbani, Romani," alisema. Tangu nishinde alikuwa akiniita mwenyekiti.

Novemba 20

Nikinyamaza, namtunzia kile alichobaki nacho, na akina mama wanaendelea kuingia mashimoni. Nikisema, namvua nguo mbele ya kijiji. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu siku mbili hizi. Mimi ni hodari wa kutafuta njia ya tatu, na nikitazama nyuma, njia zangu zote za tatu zilikuwa uongo.

Novemba 24

Nimeitisha mkutano mkuu, nimesimama nikasema. Sikutumia utani. Niliusoma waraka wa Mwalimu Salome kutoka juu hadi chini, kama alivyousoma yeye, kisha nikasema kilichobaki nilikitunga mimi, na Mzee Abdulrazak alidanganywa kama wengine, na hana kosa lolote. Nikaomba kijiji kirudi kwenye Jumuiya.

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Sikujiandaa kwa kilichotokea. Mtu wa nyuma akasema nimenunuliwa. Mwingine akasema watu wa Lihonja wamenikalia kooni kwa sababu ya msiba. Mama mmoja, wa heshima kabisa, akasimama na kusema kwa huruma kwamba mwenyekiti wetu amechanganyikiwa na kifo cha jirani yake, tumpe muda apumzike. Kwamba yeye kwa masikio yake alisikia redioni habari ya nyundo. Nikamwambia sauti aliyoisikia ilikuwa yangu. Akasema ndiyo, na siku ile ulikuwa na akili zako.

Hoja ya kurudi ilianguka.

Mzee Abdulrazak alikuwepo. Alikaa hadi mwisho, mikono magotini. Alipoondoka alipita karibu nami, akaenda zake.

Novemba 30

Mvua kidogo alfajiri. Haijatosha hata kulowesha majani ya mikorosho.

Desemba 3

Leo imenyesha kweli. Mto umeshuka na matope, mashimo yote yamefunikwa. Watu wanakinga maji ya mapaa na wanacheka barabarani, na nimeona kijiji kikianza kusahau. Mwakani kiangazi kitarudi.

Mchana Mzee Abdulrazak alikuja. Alikuwa amelowa. Brigita alimpa kitambaa na kiti, akamchukua Flora akaenda jikoni. Mzee alikaa muda mrefu akitazama maji yanavyomwagika kutoka kwenye bati.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja," alisema. "Siku ile ya mitungi. Ulipokuwa unasema, ulikuwa unacheka?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema Bashiru ndiye aliyecheka.

"Ndiyo, Mzee. Nilikuwa nacheka."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetajiwa njia ambayo alikuwa anaijua. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nilitaka kumpigia magoti. Nikakumbuka maneno ya Brigita, nikabaki nilipokuwa.

Mwishowe alisema kesho tutakwenda Lihonja. "Wewe hawakuamini, hata ukisema kweli. Mimi wataniamini. Nitakwenda tena nyumba kwa nyumba. Lakini kwanza niwaombe radhi wenyewe. Utafuatana nami, na hutasema kitu."

Desemba 4

Tumepanda mlima kwenye utelezi. Yeye mbele, mimi nyuma. Mwalimu Salome alitupokea ofisini kwake, akampa Mzee pole ya msiba, akamtaja Somoe kwa jina, akauliza kama maji yale yalitosha. Ndipo nilipojua ni yeye aliyetoa yale maji ya kuoshea.

Mzee alieleza kila kitu kana kwamba kosa ni lake. Milango aliyobisha, maneno aliyosema. Mwalimu Salome alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akaeleza masharti: kijiji kiombe upya, tutakaa kwenye bodi bila kura hadi watakapoamua, na tutaendelea kuwa wa mwisho kwenye bomba. Ni pabaya kuliko tulipokuwa mwanzo. Mzee akakubali yote. Mwalimu Salome akanigeukia, akashusha miwani, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikasema sina.

Desemba 14

Mzee amemaliza nyumba zote. Nilitembea nyuma yake siku zote hizo bila kufungua mdomo. Kila mlango alisema: nilikuja hapa nikakwambieni jambo ambalo si kweli, na binti yangu yuko kaburini. Hakunitaja hata mara moja. Hakuna aliyemwambia amenunuliwa.

Desemba 16

Kijiji kimepitisha kurudi. Nimejiuzulu hapohapo. Walionipigia makofi ni wachache, na sijui walikuwa wanapigia nini.

Desemba 21

Maji yalifunguliwa jana. Brigita amejaza ndoo za zahanati, kisha za nyumbani, amefunika zote.

Bashiru alinipigia simu jana jioni. Anasema jina langu sasa linajulikana wilaya nzima, na kuna watu wa chama wanataka nigombee udiwani. Nimesema wamtafute mwingine. Akasema kwamba na yeye amewahi kufikiria kugombea.

Asubuhi hii nimefungua redio. Alikuwa anaeleza jinsi Jumuiya ilivyomlazimisha mzee mfiwa wa Chikwale apande mlima kwa miguu kwenye mvua na kuwapigia magoti ili apewe maji. Simu zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine. Alizipokea kwa ustadi, akaacha kimya mahali panapostahili, akadaka neno la msikilizaji na kulirudisha likiwa kali zaidi, kisha akacheka, kicheko kile kifupi cha kumfanya mtu aone aibu kuuliza swali.

Mimi ndiye niliyemfundisha kucheka hivyo.